Nilijenga jeshi kabla ya kutuma mpelelezi

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Kazi zimenizidi, lakini si hilo tu. Makala hii nimeiandika na kuifuta mara tatu kwa sababu inanihusu mimi mwenyewe, marafiki zangu wawili na pesa za mamangu. Leo nimeamua kuimaliza.

Mjadala wenyewe si mgeni. Wazazi wetu walituambia kwamba gemu ni kupoteza wakati na umeme. Siku hizi upepo umegeuka, na utasikia watu wakisema kwamba gemu hufundisha biashara: uvumilivu, ushirikiano, kutokata tamaa na kadhalika. Mimi nacheza gemu tangu shule ya msingi, nimesomea sayansi ya tarakilishi chuo kikuu, na ninaandika programu ili nipate mkate wangu. Naona pande zote mbili zimekosea kidogo. Uvumilivu unaweza kuupata kwa kungoja matatu ya Ngong Road jioni mvua ikinyesha. Kwa maoni yangu, gemu za mkakati zina somo moja tu lenye thamani ya pesa kwa mfanyabiashara mdogo, nalo ni hili: lipia habari kabla ya kulipia majengo. Mimi nililijua somo hili nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nilipofika kwenye biashara halisi nikalisahau kabisa.

Ngoja nianze na gemu, kwa faida ya wale ambao hawajaicheza.

Age of Empires II ilitoka mwaka wa 1999. Mimi niliikuta mwaka wa 2010 katika saiba moja mtaani kwetu Eastlands, nikiwa darasa la saba. Gemu ilikuwa imezeeka, na tarakilishi za saiba ile zilikuwa zimezeeka pia, kwa hivyo wazee walielewana. Bei ilikuwa shilingi moja kwa dakika.

Gemu ikianza, kwa kawaida unapewa kituo cha mji, wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja. Ghalani una chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kila mwanakijiji mpya anakugharimu chakula 50 na sekunde 25. Wanakijiji wanakata miti, wanachuma matunda, wanalima na kuchimba dhahabu. Ukishakusanya vya kutosha unapanda kutoka enzi moja hadi nyingine, unajenga kambi na mazizi, unaunda jeshi, kisha unaenda kumvamia mwenzako kabla hajakuvamia.

Sasa kuna jambo moja muhimu. Ramani yote ni nyeusi tititi, isipokuwa kiduara kidogo kuzunguka mji wako. Hujui msitu uko wapi, dhahabu iko wapi, wala adui anaishi upande gani. Ndiyo sababu ukapewa yule mpanda farasi. Kazi yake si kupigana, kwa sababu akikutana na askari wa kweli atakufa haraka. Kazi yake ni kutembea. Kila anapopita, weusi unaondoka na unaona ardhi. Akishapita, mahali pale panafunikwa na ukungu: milima na miti bado unaiona, lakini huoni tena ni nani anayetembea pale. Kwa hivyo unachokijua ni kile kilichokuwepo alipopita, si kilichopo sasa.

Mimi nilikuwa stadi wa kujenga. Wanakijiji wangu hawakukaa bure hata sekunde moja. Mpanda farasi wangu nilimwacha kando ya kituo cha mji, amesimama kama mlinzi wa benki, kwa sababu kumwongoza kulinichukulia muda ambao ningeutumia kujenga. Nilikuwa napenda majemadari wa farasi, wale wanaogharimu chakula 60 na dhahabu 75 kila mmoja. Siku moja niliwaunda wengi kuliko siku zote, nikatoka nao kwenda kumaliza kazi.

Niliyekuwa nacheza naye alikuwa kijana wa kidato cha tatu. Yeye alikuwa amemtuma mpelelezi wake mapema, akazunguka mji wangu mara mbili, akaona nina mazizi mawili ya farasi na sina kambi ya mishale. Hakuhitaji kuona zaidi. Aliunda askari wa mikuki, ambao ndio dawa ya farasi katika gemu ile, na kila mmoja alimgharimu chakula 35 na mbao 25 tu. Hakutumia dhahabu hata kidogo. Jeshi langu la bei ghali liliisha kwa muda mfupi kuliko muda niliotumia kuliunda.

Alipoinuka kwenye kiti aliniambia, “We kijana, farasi wako amekula nyasi tu gemu nzima.”

Shilingi arobaini zikawa zimekwenda, na hizo ndizo zilikuwa pesa za chamcha. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza gemu bila kumtuma mpanda farasi nje katika sekunde za kwanza. Nilidhani nimejifunza.

Sasa tuje kwa biashara.

Mwaka wa 2021, mimi na marafiki wawili niliosoma nao chuoni tuliamua kuanzisha kampuni. Wazo lilikuwa zuri, angalau kwenye ubao. Mama mboga huamka usiku wa manane kwenda sokoni kununua mali, tukasema tutamwondolea taabu hiyo. Ataagiza mboga kwa simu usiku, asubuhi atazikuta mlangoni. Tutapata faida kidogo kwenye kila kreti na kila gunia. Ni nani angekataa?

Kila mmoja wetu alitoa shilingi 60,000. Mamangu alichukua mkopo wa 150,000 kwenye chama chake akanipa, bila karatasi yoyote, kwa sababu mimi ni mwanawe. Jumla ikawa 330,000.

Tulijenga kwa miezi saba. Na tulijenga vizuri, hilo silionei aibu. Hifadhidata ilipangwa kwa usafi, seva ilikuwa tayari kupokea maelfu ya wateja, programu ya simu ilifanya kazi hata mtandao ukikatika. Tulikodi chumba cha ofisi. Tuliweka arbuni ya kukodi pikapu. Tulichapisha fulana zenye nembo. Tuliwaajiri vijana wawili wa kupeleka mizigo. Kila jioni nilikuwa nalala na furaha ile ile ya saiba: hakuna mwanakijiji aliyekaa bure leo.

Siku ya kuzindua tulisajili kina mama 43. Wengi walitaka fulana. Wiki ya kwanza tulipata oda 11, wiki ya pili 4, na wiki ya tatu moja. Hiyo moja ilitoka kwa shangazi yangu.

Tulishusha bei, tukaongeza rangi kwenye programu, tukatuma ujumbe. Hakuna kilichobadilika. Pesa zilipokaribia kuisha tulianza kulaumiana. Mmoja alisema tatizo ni matangazo, mwingine alisema tatizo ni programu, mimi nikasema kina mama hawapendi teknolojia. (Hayo maneno ya mwisho nayajutia mpaka leo. Kina mama hao hao wanapokea pesa kwa simu mara hamsini kwa siku.) Tulifunga kabla mwaka haujaisha.

Wiki chache baadaye, nikiwa sina kazi wala sababu ya kulala mapema, nilimwomba mama mboga wa mtaani kwetu niandamane naye sokoni. Alicheka, akakubali. Saa kumi na nusu alfajiri tulikuwa Wakulima, lile soko ambalo wakazi wa Nairobi wanaliita Marikiti.

Jambo la kwanza: hakununua kitu. Alizunguka soko zima mikono mitupu, akiuliza bei na kuendelea. Jambo la pili: bei ya kreti ya nyanya ilibadilika mara tatu kwa muda wa saa moja na nusu tuliokaa pale, kufuatana na lori zilizokuwa zikiingia. Jambo la tatu: aliponunua nyanya, alichagua za aina tatu. Zilizoiva ni za kuuza leo, zilizoanza kubadilika rangi ni za kesho, na zile zenye ukijani ni za kesho kutwa. Jambo la nne: sukuma wiki alichukua kwa mkopo kutoka kwa muuzaji aliyemfahamu kwa miaka tisa. Jambo la tano: mzigo wake na wa wenzake wawili ulipanda mkokoteni mmoja wakagawana gharama.

Programu yetu ilikuwa na kitufe kimoja kilichoandikwa “nyanya”.

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza ile biashara yetu ilivyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kijana wangu, kuja sokoni najua. Hiyo si shida yangu. Shida yangu ni hawa wanaochukua mboga jioni na kuniambia watalipa kesho.”

Safari ile ilinigharimu shilingi 100 za matatu, kwenda na kurudi. Ningeifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, ningejua kwamba tunamwuzia mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Sisi tulilipa 330,000 ili tujue jambo lile lile. Farasi alikula nyasi gemu nzima.

Usidhani ni vijana wa Nairobi tu wanaofanya kosa hili. Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa Webvan, iliyoanzishwa mwaka wa 1996 na Louis Borders. Kazi yake ilikuwa kuuza vyakula kwa mtandao na kuvipeleka nyumbani. Ilianza kuwahudumia wateja wa eneo la San Francisco Juni 1999. Mwezi uliofuata, kabla haijajua kama mji huo mmoja utaleta faida, ilitia sahihi mkataba wa dola bilioni moja na kampuni ya Bechtel ili ijengewe maghala makubwa katika miji mingine. Novemba mwaka huo iliuza hisa na kupata dola milioni 375. Julai 2001 ilifunga, na watu takriban 2,000 wakapoteza kazi. Maghala yalikuwa mazuri, yenye mitambo ya kisasa. Wateja ndio waliokuwa wachache kuliko maghala.

Mwaka huo huo wa 1999, katika eneo lile lile, jamaa anayeitwa Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watakubali kununua viatu kwenye mtandao bila kuvijaribu. Hakujenga ghala. Alikwenda kwenye duka la viatu, akapiga picha za viatu vilivyokuwa dukani, akaziweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, yeye anakwenda dukani kununua kiatu hicho kwa bei ya kawaida na kukituma. Kwa hesabu ya faida huo ulikuwa wazimu. Lakini hakuwa anatafuta faida. Alikuwa anatuma mpanda farasi. Kampuni hiyo ikawa Zappos, na Amazon iliinunua mwaka wa 2009.

Na mfano bora kuliko yote uko mfukoni mwako. M-Pesa ilizinduliwa nchini kote Machi 2007, lakini majaribio yake yalianza Oktoba 2005 na mawakala wachache katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Wazo la mwanzo halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kuwasaidia wateja wa shirika la mikopo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Wakati wa majaribio, wahusika waliona watu wanafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Kuna waliotumia huduma ile kutumiana pesa wao kwa wao, na kuna walioweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Huduma ilipozinduliwa, ile habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani. Miezi 17 ya kutembea gizani ilibadilisha wazo lenyewe. Fikiria kama wangejenga nchi nzima kwa wazo lile la kwanza.

Sasa swali linalonisumbua ni hili. Mimi nililijua somo hili tangu utotoni, nililipia shilingi 40 za chamcha. Kwa nini sikulitumia?

Jibu langu ni kwamba kujenga kunafanana na kazi, na kupeleleza kunafanana na uzururaji. Ukikaa mbele ya tarakilishi saa kumi na mbili, mamako anaona unafanya kazi, marafiki wanaona, na wewe mwenyewe unajiona. Ukienda sokoni ukasimama ukitazama watu, ukirudi huna cha kuonyesha. Tena sisi tuliosomea tarakilishi tuna ugonjwa wetu maalum. Chuoni tulipewa alama kwa kujenga kitu kinachofanya kazi. Sikumbuki hata mtihani mmoja ulioniuliza kama kitu hicho kinahitajika na mtu yeyote.

Kuna sababu ya pili ambayo ni ngumu kukiri. Mpelelezi huleta habari mbaya. Tulipokuwa tunajenga tulikuwa matajiri wa kesho, na kila mtu mtaani alijua. Safari moja ya Marikiti ingeiua ndoto hiyo asubuhi moja. Nadhani sehemu ya moyo wangu ilijua hivyo, ikaogopa. Katika gemu huogopi kwa sababu ukigundua adui yuko karibu, hujaaibika mbele ya mtu.

Najua wapo watakaoniambia kwamba ukipeleleza sana utachelewa, na mwenzako atakutangulia. Ni kweli, lakini tazama gemu inavyofanya. Mpanda farasi akitoka, wanakijiji hawasimami kumsubiri. Wanaendelea kukata miti na kulima, kwa sababu mbao na chakula vitahitajika hata mambo yaweje. Kinachosubiri habari ni yale mambo makubwa ambayo huwezi kuyarudisha nyuma: ni mazizi au ni kambi ya mishale? Kwa biashara ni hivyo hivyo. Kusajili jina, kujifunza lugha mpya ya programu, kuweka akiba, hayo endelea nayo. Lakini kukodi ofisi, kuajiri, kuchapisha fulana, hayo yangoje farasi arudi.

Tena usisahau ule ukungu. Kupeleleza mara moja hakutoshi. Mama mboga niliyemfuata huzunguka soko zima kila alfajiri, ingawa amefanya kazi hiyo miaka mingi na anamjua kila mtu. Anajua kwamba bei ya jana ni picha ya zamani. Sisi wenye digrii tulifanya utafiti mmoja kwenye mtandao tukautumia miezi saba.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili, kwa sababu sipendi makala zinazosema gemu ni shule ya biashara kisha zikaishia hapo. Gemu inadanganya katika mambo matatu, na uongo huo unaweza kukufilisi.

Kwanza, gemu ina usawa. Mimi na yule wa kidato cha tatu tulianza na wanakijiji watatu kila mmoja. Katika biashara kuna anayeanza na wanakijiji mia tatu na baba mwenye shamba la dhahabu. Usijilinganishe naye, na usicheze mchezo wake. Na sheria zenyewe hubadilika katikati ya mchezo. Hakuna gemu niliyowahi kucheza ambapo askari wa kanjo wanakuja dakika ya ishirini kubomoa soko.

Pili, gemu hufundisha kwamba akiba ni aibu. Mchezaji mzuri wa Age of Empires hutumia kila alichonacho haraka. Ukimwona mtu ana dhahabu elfu tatu ghalani na hana jeshi, unajua atashindwa. Mimi niliingia kwenye biashara na tabia hiyo. Kila shilingi iliyokaa kwenye akaunti niliiona kama mwanakijiji mvivu, nikaitafutia kazi. Lakini pesa taslimu katika biashara ni pumzi. Oda zilipokosekana, hatukuwa na pumzi ya hata miezi miwili ya kutafuta njia nyingine. Laiti tungekuwa na 100,000 siku ile niliyotoka Marikiti, labda kampuni ingekuwa hai mpaka leo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, gemu ina kitufe cha kuanza upya. Nikishindwa saiba nilipoteza shilingi arobaini na dakika arobaini. Nikishindwa kwenye biashara, mamangu aliendelea kwenda chamani. Hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa akipiga simu tu mwisho wa mwezi, anasalimu, anauliza kama nimekula, kisha anasema, “Baba, unajua chama kinakutana Jumapili.” Nilijua. Nililipa mkopo ule kwa miezi 14, nikifanya kazi za vibarua za programu usiku na mchana. Na mmoja wa wale marafiki wawili, mpaka leo tukikutana tunasalimiana kama majirani. Urafiki wa miaka sita ulikwenda pamoja na pikapu.

Ndiyo maana nasema somo la mpelelezi lina uzito zaidi kwenye biashara kuliko kwenye gemu. Kwenye gemu unaweza kukataa kupeleleza na bado ukacheza tena kesho.

Nimalize na ninachofanya sasa, nisionekane mtu wa kulalamika tu.

Mwaka jana niliamua kurudi kwenye lile tatizo ambalo mama mboga alinitajia, la wadeni. Kichwa changu kilianza mara moja kuchora hifadhidata. Nikajizuia. Nilinunua daftari la shilingi 50. Kwa wiki sita nilipita kwa kina mama watatu kila jioni, nikaandika waliokopa na kiasi chao, kisha usiku nikawatumia wadeni ujumbe wa kuwakumbusha, mmoja mmoja, kwa simu yangu. Hakuna msimbo hata mstari mmoja.

Kabla wiki ya pili haijaisha, wawili kati ya watatu waliniomba niache kutuma ujumbe. Wateja waliona aibu, wengine wakahamia kibanda cha jirani. Deni la mboga, kumbe, ni pia kamba inayomfunga mteja kwa muuzaji, na ukiivuta kwa nguvu inakatika. Walichotaka kina mama ni kujua jumla tu: leo nimekopesha ngapi, na nani amepita kiasi, ili wao wenyewe waseme naye kwa lugha yao. Kama ningejenga kwanza, kitufe kikubwa zaidi kwenye programu kingekuwa kile cha kutuma ujumbe.

Baada ya hapo ndipo nilipoandika programu, kwa wikendi tatu. Haitumi kitu kwa mtu yeyote. Inajumlisha tu. Leo inatumiwa na kina mama 19. Haijanifanya tajiri na huenda isinifanye, lakini hakuna aliyeomba fulana, na hakuna shilingi ya chama ndani yake.

Kwa hivyo wewe uliye na wazo, na najua mko wengi, kabla hujamwomba mzazi pesa, jiulize farasi wako yuko wapi. Kama amesimama kando ya mji akila nyasi, vaa viatu utoke. Nauli ni shilingi 100.

Mpaka wakati mwingine, kwaherini.